Mwongozo kamili wa kupunguza gharama za LUKU kwa kufuata ngazi za bei, kwa kaya za Mwanza

Husambaa mara kwa mara kwenye simu zetu ushauri usemao kwamba umeme ni nafuu usiku wa manane, na kwamba mwenye busara hupiga pasi alfajiri na kusukuma maji kwenye tangi watu wakiwa wamelala. Ushauri huo ni wa kweli kule ulikotoka. Kwa kaya ya Igoma, Buswelu au Nyegezi inayotumia mita ya LUKU, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, hauokoi hata shilingi moja, kwa sababu pasi ya saa nane usiku hutozwa sawasawa na pasi ya saa nane mchana. Bei ya umeme wa nyumbani kwetu hubadilika, tena hubadilika sana, ila haifuati saa ya ukutani. Hufuata mambo mawili: kundi la bei ambalo mita yako imewekwa, na idadi ya uniti ulizonunua ndani ya mwezi mmoja. Mtu asiyeyajua hayo mawili anaweza kujinyima taa na feni mwezi mzima na bado akalipa karibu mara tatu ya jirani yake kwa uniti ileile.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kaya ya kawaida: yenye jokofu, televisheni, taa, pasi, simu kadhaa, na pengine hita ya kuogea au jiko la umeme. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu hatua za mwanzo ndizo zitakazokuonyesha kama zile za baadaye zinakuhusu.

Hatua ya kwanza: fahamu ngazi za bei zilivyo

Bei ya umeme nchini huidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na TANESCO, shirika la umeme, huitoza. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, ambavyo ndivyo ninavyovitumia katika hesabu zote za mwongozo huu, wateja wa majumbani wamegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni D1, la wateja wa nyumbani wenye matumizi madogo, ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Hawa hutozwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti ya 75, na kuanzia uniti ya 76 hutozwa shilingi 350. Kundi la pili ni T1, la matumizi ya kawaida, ambamo zimo nyumba zenye matumizi makubwa zaidi pamoja na maduka, saluni na biashara ndogondogo. Humo kila uniti ni shilingi 292, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Mwaka huohuo wa 2016 iliondolewa ile tozo ya huduma ya kila mwezi ya shilingi 5,520.

Juu ya viwango hivyo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini ya REA ya asilimia 3, na tozo ya EWURA ya asilimia 1, yaani jumla ya asilimia 22. Kwa hiyo bei inayotoka mfukoni mwako ni shilingi 122 kwa uniti katika ngazi ya chini ya D1, shilingi 427 katika ngazi ya juu ya D1, na takriban shilingi 356 katika T1. Shika namba hizo tatu kichwani, kwa sababu kila uamuzi utakaofuata unazitegemea.

Zitazame vizuri. Uniti ya 76 ya mteja wa D1 ina bei kubwa kuliko uniti yoyote ya mteja wa T1, na ni mara tatu na nusu ya uniti ya 75 iliyoitangulia. Haipandi kidogo kidogo. Hupanda kwa mruko mmoja. Ndiyo maana kwa kaya ya D1 mahali pa kuokoa fedha ni pale kwenye mpaka wa uniti 75, na juhudi inayofanywa mbali na mpaka huo huleta faida ndogo.

Ukiwa na ndugu ng'ambo ya ziwa usichanganye hesabu zake na zako. Kenya, tangu mwaka 2023, imegawa wateja wa nyumbani katika ngazi tatu zenye mipaka ya uniti 30 na uniti 100. Uganda huanza na uniti 15 za bei nafuu, kisha bei hupanda, halafu imewekwa ngazi maalumu ya bei pungufu kati ya uniti ya 81 na ya 150 ili kumvutia mtu apikie umeme. Kwa hiyo jirani wa Entebbe anayeongeza jiko la umeme anaweza kuingia katika bei ya chini, ilhali wewe wa Kirumba mwenye D1 ukiongeza jiko hilohilo utaingia katika bei ya juu.

Hatua ya pili: soma risiti yako ya LUKU

Kabla ya kununua taa mpya au kuzima chochote, tafuta ujumbe wa ununuzi wako wa mwisho. Chini au juu ya zile tarakimu 20 za tokeni utaona mchanganuo: idadi ya uniti, gharama ya umeme wenyewe, kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya REA, tozo ya EWURA, na mara nyingine kodi ya jengo. Chukua gharama ya umeme wenyewe bila kodi wala tozo, uigawe kwa idadi ya uniti. Ukipata 100, uko D1 na hujavuka mpaka kwa mwezi huo. Ukipata 292, uko T1. Ukipata namba iliyo kati ya 100 na 350 ambayo si 292, uko D1 na ununuzi huo umekatiza mpaka, sehemu yake ikiwa ya bei ya chini na sehemu ya bei ya juu. Ukipata 350 kamili, uko D1 na kila uniti katika ununuzi huo imekuwa ya ngazi ya juu.

Nasisitiza kugawa, badala ya kuuliza tu ofisini au kumwamini jirani, kwa sababu viwango na tozo vinaweza kubadilishwa, na risiti ndiyo inayoonyesha kile unacholipa leo.

Kuhusu kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia LUKU: nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na hukatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Ukipitisha mwezi bila kununua, deni hubaki likikusubiri na hukatwa lote kwa pamoja. Watu wengi huliona kato hilo na kudhani kwamba umeme umepanda. Itoe kwanza kwenye hesabu, ndipo ujue bei halisi ya uniti.

Hatua ya tatu: pima nyumba yako kwa siku saba

Chukua daftari dogo, uliweke karibu na mita. Kila siku, saa ileile, andika uniti zilizobaki, na kama umeingiza tokeni andika pia kiasi kilichoongezeka. Baada ya siku saba utakuwa na wastani wa siku moja. Mpaka wa uniti 75 kwa mwezi wa siku 30 ni uniti mbili na nusu kwa siku. Ukiwa chini ya hapo umo ndani ya ngazi ya nafuu. Ukiwa kwenye uniti tatu au nne, punguzo linalotakiwa ni dogo na linawezekana. Ukiwa kwenye uniti nane, nenda moja kwa moja kwenye hatua ya sita.

Kisha pima kifaa kimoja kimoja. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu isipokuwa kifaa unachotaka kukijua, hesabu mimweko kwa dakika moja, zidisha kwa 60, kisha gawa kwa ile namba iliyoandikwa. Kwa mita ya 1,000, mimweko 20 kwa dakika ni 1,200 kwa saa, yaani kifaa hicho kinakula uniti 1.2 kwa kila saa kinapovuta umeme. Kipimo hiki hakina gharama, na mtoto wa darasa la sita anaweza kukifanya vizuri kabisa.

Jokofu halipimiki kwa dakika moja kwa sababu huwaka na kuzima lenyewe. Lipime usiku: kabla ya kulala zima vingine vyote, andika uniti, kisha andika tena asubuhi kabla mtu hajawasha kitu. Tofauti uigawe kwa saa zilizopita na uzidishe kwa 24, ukikumbuka kwamba mchana joto na kufungua mlango mara kwa mara huongeza matumizi. Jokofu la nyumbani la kawaida hutumia mara nyingi kati ya nusu uniti na uniti moja na nusu kwa siku. Likizidi hapo, angalia mpira wa mlango kama unashika, barafu kama imeganda unene wa kidole, na kama limesukumwa ukutani likakosa hewa kwa nyuma.

Fanya na jaribio moja la mwisho. Zima kila kifaa na uchomoe kila kitu kwenye soketi, kisha itazame taa ya mita kwa dakika kumi. Ikiendelea kumweka, kuna umeme unaovuja mahali fulani ndani ya nyaya zako. Mwite fundi umeme mwenye leseni siku hiyohiyo, kwa ajili ya usalama wa watoto kabla ya kufikiria fedha.

Hatua ya nne: panga bajeti ya uniti 75

Sasa panga uniti kama unavyopanga fedha ya matumizi. Mfano ufuatao ni wa kaya ya watu watano. Jokofu linalotumia uniti moja kwa siku litachukua 30 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 ikiwaka saa tano kwa siku huchukua 9. Taa sita za LED za wati 9, saa tano kila usiku, huchukua 8. Feni ya wati 60 kwa saa sita huchukua karibu 11. Birika la umeme la wati 2,000 likiwaka dakika sita kwa siku huchukua 6. Pasi, kama nguo zote hupigwa kwa mkupuo mmoja kila wiki, hufika 6. Simu zote za nyumba hazifiki 2. Jumla ni takriban uniti 72, na gharama yake, pamoja na kodi na tozo lakini bila kodi ya jengo, ni kama shilingi 8,800. Kaya hiyohiyo, kwa matumizi hayohayo, ikiwa T1 hulipa zaidi ya shilingi 25,600.

Angalia ni vitu gani vinavyokula bajeti. Simu, ambazo watu hugombana kwa sababu yake, ni karibu sifuri. Taa za LED ni ndogo, ila ukizirudisha balbu za zamani za wati 60, taa sita hizo zitadai uniti 54 na bajeti yote itavunjika. Kwa hiyo kama bado una balbu ya zamani hata moja sebuleni, badilisha hiyo kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Pasi inataka utaratibu zaidi kuliko kujinyima. Kila inapowashwa hutumia umeme kupasha chuma chake kabla haijagusa nguo, kwa hiyo kupiga shati moja kila asubuhi ni hasara. Sare za shule na nguo za kazi zipigwe zote Jumamosi au Jumapili, zikianza zinazotaka joto dogo wakati pasi inapata moto na zikimalizia nyepesi baada ya kuizima, maana joto lililobaki hutosha vitambaa kadhaa.

Kwa jokofu, watu wa kando ya ziwa tuna jambo letu. Sato na sangara wanaonunuliwa kwa wingi mwaloni Kirumba hupelekwa wakiwa na joto la jua na kutiwa kwenye friza kwa mara moja, nayo hufanya kazi usiku kucha kuwagandisha. Waoshe, wakate vipande vya mlo mmoja mmoja, waache wapoe vizuri kwenye maji baridi, kisha wagandishe kidogo kidogo. Dagaa waliokauka sawasawa hawahitaji kuingia humo kabisa. Na kama unauza barafu au juisi kutoka kwenye friza ya nyumbani, tenga hesabu yake kwenye daftari, kwa kuwa hiyo ni biashara na matumizi yake peke yake yanaweza kukutoa D1. Faida ya barafu ipimwe kwa bei ya T1, vinginevyo unajidanganya.

Hatua ya tano: yatazame maji ya moto kwa makini kuliko kitu kingine chochote

Kama ningeruhusiwa kutoa shauri moja tu, lingekuwa hili. Hita ya bafuni inayopasha maji papo hapo, ile inayofungwa juu ya bomba la mvua, huvuta wati 3,500 hadi 5,500. Chukua ya wati 4,500, na mtu anayeoga dakika nane: ametumia uniti 0.6. Watu wanne wakioga mara moja kwa siku ni uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi. Hita hiyo peke yake imekula bajeti nzima ya nyumba iliyoelezwa hapo juu, na kila kinachofuata, hata taa ya uani, kitanunuliwa kwa shilingi 427.

Linganisha na ndoo. Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 24 hadi nyuzi 44 kunahitaji karibu nusu uniti, na ndoo hiyo ikichanganywa na maji ya baridi huogesha watu wawili. Bora zaidi ni jua. Tangi jeusi lililoko juu ya paa au juu ya jiwe, kama yalivyo mengi Mabatini, Igogo na Isamilo, huwa na maji ya uvuguvugu ifikapo saa kumi jioni bila kumlipa mtu yeyote. Familia ikizoea kuoga jioni badala ya alfajiri, hita huweza kuachiwa mgonjwa, mtoto mchanga na mzee, ambao wanaihitaji kweli.

Pampu ya maji, kwa upande mwingine, huogopwa bure. Watu wa milimani hulaumu pampu kwa sababu inapiga kelele, lakini pampu ya nusu farasi inayojaza lita 1,000 kwa muda wa nusu saa hadi dakika arobaini hutumia takriban theluthi moja ya uniti. Iache ifanye kazi yake. Epuka tu kuiwasha kati ya saa 1 na saa 4 usiku, si kwa sababu ya bei, bali kwa sababu hapo ndipo kila nyumba inawasha vyombo na umeme hupungua nguvu katika maeneo yaliyo mbali na transfoma. Mota ya pampu au ya jokofu inayofanya kazi kwenye umeme hafifu hupata moto na kuungua mapema.

Hatua ya sita: nunua kwa kufuata mwezi

Hapa ndipo wateja wengi wa D1 hupoteza fedha bila kuongeza hata taa moja. Mpaka wa uniti 75 huhesabiwa kwa kile ulichonunua ndani ya mwezi wa kalenda, hata kama hukukitumia. Mtu akipata mshahara akanunua LUKU ya miezi miwili kwa pamoja ili atulie, amejivusha mpaka mwenyewe.

Hesabu yake ni hii. Ukinunua umeme wa shilingi 20,000 kwa mara moja, shilingi 1,500 zitakwenda kwenye kodi ya jengo. Katika 18,500 zinazobaki, 9,150 zitakupa uniti 75 za kwanza, na 9,350 zitakupa uniti karibu 22 tu. Jumla ni 97. Ukizigawa fedha hizohizo, 10,000 mwezi huu na 10,000 mwezi ujao, kila mwezi utapata kama uniti 69.7 baada ya kodi ya jengo, jumla 139. Umepata uniti zaidi ya 40 za ziada, na kodi ya jengo ya mwezi wa pili imeshalipwa.

Kwa hiyo kiasi cha juu cha kununua kwa mwezi, kwa mwenye D1 asiye na deni la kodi ya jengo, ni shilingi 10,650. Kiandike ukutani karibu na mita, na kila mtu wa nyumbani mwenye mazoea ya kununua LUKU akifahamu, kwa sababu mara nyingi mpaka huvukwa na mtu aliyetuma elfu tano kwa nia njema bila kujua kwamba mwenzake alikwisha kununua. Uniti zikielekea kuisha tarehe 28, vumilia siku hizo mbili kwa kupunguza matumizi, kisha nunua tarehe 1. Na ukitumia chini ya 75 katika mwezi, nunua hadi karibu na 75 kabla mwezi haujaisha. Akiba hiyo ya shilingi 122 kwa uniti itakusaidia mwezi wenye wageni, msiba au likizo ya watoto. Usifanye hivyo kupita kiasi, kwani wastani wa manunuzi yako ndio unaotazamwa.

Kama uko T1, yote haya ya tarehe hayakuhusu. Unaweza kununua lini na kiasi gani upendacho, bei ni ileile. Kila uniti unayoacha kuitumia ni shilingi 356 zilizobaki mfukoni, na hatua ya nne na ya tano ndizo zako. Lengo lako kubwa liwe kushuka chini ya uniti 75 na kukaa hapo kwa miezi mfululizo, kisha kwenda ofisi ya TANESCO inayokuhudumia na kuomba kwa maandishi mita yako ihamishiwe kundi la matumizi madogo, ukitaja namba ya mita na ukiambatisha kumbukumbu za manunuzi. Uamuzi ni wa shirika, nalo litaangalia historia ya mita. Kwa hiyo ombi la mtu aliyeshuka mwezi mmoja tu halina nguvu. Kinyume chake pia ni kweli: mteja wa D1 anayevuka mpaka mara kwa mara anaweza kuhamishiwa T1.

Nyumba za kupanga

Hili ni gumu, na katika mji wenye vyumba vingi vya kupanga kama Mwanza linagusa maelfu ya watu. Vyumba sita vikitumia mita moja, hata kama kila mpangaji ana taa moja, televisheni na simu, mita hiyo itavuka uniti 75 mapema na kila mmoja atalipa bei ya mtumiaji mkubwa ilhali yeye ni mtumiaji mdogo. Ngazi ya nafuu iliwekwa kwa ajili ya mtu kama yeye, na haimfikii.

Suluhisho la kudumu ni kila mpangaji, au angalau kila vyumba viwili vitatu, kuwa na mita ya TANESCO. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuomba, na ombi linaweza kufanywa kwa simu kupitia mfumo wa NIKONEKT. Wapangaji wanaweza kumshawishi kwa kukubaliana kuchangia gharama na kukatwa kwenye kodi ya pango, makubaliano yakiandikwa na kusainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana, fungeni mita ndogo ya kila chumba baada ya LUKU kubwa. Mita hizo hazibadilishi bei, ila huondoa ugomvi, maana mwenye jiko la umeme hulipia jiko lake na bibi mwenye taa moja hulipia taa yake. Kugawa kwa idadi ya vichwa ni dhuluma kwa watumiaji wadogo, nami sioni namna nyingine ya kuieleza.

Jiko la umeme

Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na majiko ya umeme ya presha yameanza kuonekana madukani mjini. Jiko la wati 1,000 likivuta umeme kwa jumla ya nusu saa kuivisha maharage hutumia nusu uniti: shilingi 61 katika ngazi ya chini ya D1, shilingi 178 katika T1, na shilingi 214 kwa aliyevuka mpaka. Hata hiyo ya mwisho ilinganishe kwa haki na mkaa wa kuchemshia maharage saa mbili. Kwa mwenye T1 jiko la presha kwa vyakula vigumu ni uamuzi mzuri bila wasiwasi. Kwa mwenye D1, litumie kwa maharage, makande na kongoro tu, na uache ugali na chai kwenye gesi, ukikagua daftari lako kila wiki. Koili ya wazi isiyofunikwa sufuria vizuri iepuke kabisa.

Bei za saa, na wakati saa ina maana

Kwa nini wengine huuziwa umeme kwa saa? Kwa sababu mahitaji ya jioni hulazimisha kuwashwa mitambo ya gharama kubwa zaidi, ilhali usiku wa manane mitambo mingi hukaa bila kazi. Uingereza ina mpango wa Economy 7 wenye saa saba za bei pungufu usiku. Hispania, tangu Juni 2021, imegawa siku katika vipindi vitatu, kilele kikiwa saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana na tena saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, na Jumamosi na Jumapili zikiwa za bei ya chini mchana kutwa. Karibu yetu, Uganda na Kenya hutoza kwa saa viwanda na wateja wakubwa.

Mipango hiyo ina hatari yake. Huko Texas, Februari 2021, baridi kali ilipoangusha mitambo, bei ya jumla ilifika dola 9 kwa uniti, na kaya zilizokuwa zimekubali kulipa bei ya soko ya kila saa zilipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache.

Kwetu saa ina maana kwa mtu mmoja tu: mwenye paneli za jua. Umeme wa saa sita mchana hutoka moja kwa moja kwenye paneli, ule wa saa tatu usiku umepitia betri inayochakaa kila inapochajiwa na kutumika. Mwenye sola apige pasi, asukume maji na apikie kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, na usiku abaki na taa na televisheni. Aliye na sola pamoja na LUKU ana faida kubwa zaidi, kwani paneli ndogo za kubeba taa, feni na televisheni huondoa karibu uniti 28 kwenye bajeti tuliyopanga, na kumpa nafasi ya kuongeza jiko bila kuvuka mpaka.

Bei zikitaka kubadilishwa, EWURA huitisha mikutano ya wazi ya kupokea maoni kabla ya kuamua, na ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Malalamiko ya bei au ya kuhamishwa kundi huanzia TANESCO, kwa maandishi, na yasipotatuliwa hupelekwa EWURA. Nenda na risiti za miezi sita na lile daftari lako la mita. Na ukipata nafasi ya kusema katika mikutano hiyo, ulizia mambo mawili: mpangaji mwenye taa moja katika nyumba ya vyumba sita ataifikiaje bei ya matumizi madogo, na kama mpaka wa uniti 75 unaweza kusogezwa kwa kaya iliyoacha mkaa na kupikia umeme.